Barabara Moja, Sheria Mbili

Tuna malalamiko, na kabla hatujayasema tunaomba jambo moja: msituulize sisi ni wa chama gani. Ndilo swali la kwanza analokutana nalo mtu wa Tandale au wa Mbagala Rangi Tatu akitaja polisi na mahakama kwa pumzi moja. Kati yetu wapo wenye kadi ya kijani ya CCM, walioikata kwa sababu mjumbe alisema itasaidia kwenye mkopo wa kikundi. Wapo waliowahi kuvaa magwanda ya Chadema. Wapo ambao hawajapiga kura tangu enzi za Mkapa na hawana mpango huo. Tumepanga nyumba moja, tunachangia luku moja, tunagombania bomba moja, na kwenye hili la hukumu za waandamanaji tunanung'unika kwa sauti moja.

Lalamiko lenyewe ni hili. Katika jiji hili, mtu akiingia barabarani na wenzake, adhabu atakayoipata haitegemei alichokifanya pale barabarani. Inategemea amevaa rangi gani, anamsifu nani au anamlaumu nani, na upepo wa siasa wiki ile unavuma kutoka wapi. Wakubwa wanapenda kutukumbusha kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huku Kinondoni na Temeke tumekaa na huu msumeno miaka mingi, na meno yake yote tumeyaona yameelekea upande wetu.

Tuanzie Mkwajuni.

Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2018 jimbo la Kinondoni lilikuwa linasubiri uchaguzi mdogo wa kesho yake. Sababu ya uchaguzi ule nayo ni kichekesho. Maulid Mtulia, aliyeshinda ubunge mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF, alijiuzulu Desemba 2017, akahamia CCM, na CCM ikamsimamisha agombee kiti kilekile alichokiacha mwenyewe. Fedha za kuandaa uchaguzi zilikuwa zetu, na mbunge tuliyempata mwisho wa yote ni yuleyule. Chadema walimsimamisha Salum Mwalimu. Siku hiyo ya mwisho ya kampeni walilalamika kwamba mawakala wao hawajapewa viapo, kwa hiyo viongozi na wafuasi wakaondoka kwa miguu kuelekea ofisi ya msimamizi wa uchaguzi. Walipofika Barabara ya Kawawa, pale Mkwajuni, polisi wakafyatua risasi.

Akwilina Akwilini hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa abiria ndani ya daladala. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kile cha Mabibo, na siku ile alikuwa kwenye mihangaiko ya barua ya mafunzo kwa vitendo, mihangaiko ambayo kila mzazi mwenye mtoto chuoni anaijua. Risasi ikampata humo ndani ya gari. Akafa.

Tukio moja, lakini yakafunguliwa majalada mawili, na ni vizuri mtu ayatazame yote mawili kwa pamoja. Jalada la kwanza lilihusu kifo cha Akwilina. Kuna askari walishikiliwa, Rais akasikitika, na baada ya miezi michache Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati ule, Biswalo Mganga, akatangaza kwamba amelifunga kwa kukosa ushahidi wa nani hasa alifyatua risasi ile. Basi. Hapo ndipo lilipoishia.

Jalada la pili lilihusu waliokuwa wanatembea. Hilo halikukosa ushahidi. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wa wakati ule, na viongozi wenzake wanane walisomewa mashtaka 13 katika mahakama ya Kisutu, kesi ikaenda miaka miwili. Katikati ya kesi, Novemba 2018, Mbowe na Ester Matiko walifutiwa dhamana wakawekwa gereza la Segerea hadi Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoirudisha dhamana yao. Tarehe 10 Machi 2020 hukumu ikatoka: wana hatia, walipe faini ambayo jumla yake ni shilingi milioni 350, au kila mmoja aende jela miezi mitano. Watu wakachangishana kwa simu, huyu buku, yule buku tano, wakawatoa. Juni 2021 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu na kuamuru fedha zirudishwe.

Kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Kwa kutembea kwenye lami ya Kawawa: miaka mitatu ya kesi na rufaa, miezi ya mahabusu, mamilioni ya faini, na mwishoni mahakama ya juu inasema hukumu ile haikupaswa kusimama. Kwa kumuua binti wa watu kwenye daladala: hakuna mshtakiwa, hakuna kesi, hakuna hata siku moja ya kusikiliza mashahidi hadharani.

Hapo katikati kuna kisa kidogo cha Dk. Vincent Mashinji, na hiki huwa kinatuchekesha hata kama hatutaki. Alikuwa Katibu Mkuu wa Chadema siku ya Mkwajuni, akawa mshtakiwa pamoja na wenzake. Februari 2020, wiki chache kabla ya hukumu, akahamia CCM. Tumpe hakimu haki yake, hakumbagua. Alimtia hatiani kama wengine. Lakini wenzake walipokuwa wanasubiri michango ya mama ntilie na bodaboda, yeye faini yake ililipwa na chama chake kipya, chama cha serikali ileile iliyomshtaki. Hatujui kama kuna nchi nyingine ambako mshtaki humchangia mshtakiwa faini.

Mtu wa mjini atatuambia: lakini Mahakama Kuu si iliwasafisha? Mfumo si umefanya kazi? Umewafanyia kazi wale. Wale wengi wao walikuwa wabunge, walikuwa na mawakili wanaofahamika nchi nzima, na kila kikao waandishi walijaa. Kijana wa Manzese aliyezolewa kwenye difenda kwa kusimama kijiweni saa ambayo haikutakiwa hana wakili, na jina lake haliandikwi popote. Anakubali kosa la uzururaji ili yaishe, analipa alichonacho, anarudi nyumbani na rekodi. Wa kumkatia rufaa yuko wapi?

Sasa tutoke Mkwajuni twende Mikocheni, wilaya ileile, mwendo mfupi tu kwa daladala. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Kamera za ulinzi zilirekodi, nchi nzima ikaona. Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, akaunda kamati. Kamati ikamkabidhi taarifa, na siku iliyofuata waziri ndiye aliyeondolewa kwenye baraza. Alipotaka kuzungumza na waandishi wa habari, mtu aliyevaa kiraia akamtolea bastola mchana kweupe mbele ya kamera. Tuliangalia picha zile kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira tukidhani kesho yake tutasikia habari za Kisutu. Hatukusikia. Makonda akaendelea na ukuu wa mkoa, baadaye akawa mwenezi wa chama, akawa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, na Novemba 2025 akateuliwa Naibu Waziri, tena katika wizara hiyohiyo ya habari.

Kuingia na bunduki kwenye chombo cha habari usiku hakuna shtaka. Kutembea kwenda kudai viapo vya mawakala mashtaka 13.

Kwa maneno ya mdomo mambo ni yaleyale. Siku kumi baada ya Mkwajuni, tarehe 26 Februari 2018, mahakama ya Mbeya ilimfunga mbunge Joseph Mbilinyi, Sugu wetu wa bongo fleva, pamoja na Emmanuel Masonga, miezi mitano kila mmoja kwa maneno waliyoyasema jukwaani kuhusu Rais. Aprili mwaka huohuo, kulipokuwa na wito wa maandamano ya siku ya Muungano, Kamanda wa Polisi wa Dodoma, Gilles Muroto, aliwatangazia watu mbele ya vipaza sauti kwamba watakaotoka watapigwa kama mbwa koko. Mmoja alitia maneno akafungwa. Mwingine alitia maneno akabaki na cheo chake. Mkuki kwa nguruwe.

Wenzetu wa Temeke wanalalamika kwamba Kinondoni wanajifanya wao peke yao ndio wameumia. Haki yao. Tarehe 27 Januari 2015 pale Mtoni Mtongani, Profesa Ibrahim Lipumba, mwenyekiti wa CUF, alizuiwa na polisi akiwa na wafuasi wake. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa Zanzibar Januari 2001. Mkutano wa Mbagala Zakhem ulikuwa umepigwa marufuku, na chama chake kilisema alikuwa anakwenda huko kuwaambia watu watawanyike. Watu walipigwa, yeye akabebwa, Bunge likachafuka, na akapandishwa kizimbani Kisutu pamoja na wafuasi wake.

Haikupita miaka miwili, yakatokea ya Septemba 2016. Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti, akataka kurudi, chama kikagawanyika kati yake na katibu mkuu, Maalim Seif, na Msajili wa Vyama akamtambua yeye. Akaenda makao makuu ya CUF Buguruni na kundi la wafuasi, geti likasukumwa, na polisi wakiwapo. Safari hii hakuna aliyepigwa virungu, wala mkusanyiko wake haukuitwa haramu. Ni profesa yuleyule na wafuasi walewale. Kilichobadilika ni kwamba 2015 alikuwa anaisumbua serikali na 2016 alikuwa anawasumbua wapinzani wenzake. Kuna wazee wa CUF hapa Temeke ambao hadi leo ukiwatajia siku hizo mbili wanazima redio na kuondoka.

Na kabla ya hapo, 2013, kulikuwa na kesi ya kiwanja cha Chang'ombe Markazi, hapohapo Temeke, iliyomhusu Sheikh Issa Ponda. Februari mwaka huo waumini waliandamana kuelekea ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wakidai sheikh apewe dhamana. Machi, watu zaidi ya hamsini wakafungwa mwaka mmoja mmoja. Ya Mbowe ilikwenda miaka miwili, hii iliisha kwa mwezi na kitu, kwa sababu waliokamatwa ni watu wa kawaida wenye kanzu na baraghashia ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwauliza majina yao. Mei, sheikh mwenyewe kwenye kesi ya kiwanja akapewa kifungo cha nje. Hatusemi sheikh alistahili jela. Tunasema waliomfuata ndio waliofungwa jela, na hiyo ndiyo kawaida: kesi ikiwa na jina kubwa huwa inapata mlango wa kutokea, isipokuwa na jina huwa inapata kufuli.

Tukiuliza, tunaambiwa hamkuwa na kibali. Hili la kibali limetuchosha. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alikaa Dodoma kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila akaamua kwamba kumlazimisha raia aombe ruhusa ya kukutana na wenzake kunapingana na Katiba. Sheria ya Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Unatoa taarifa ili polisi wajipange kukulinda na kuongoza magari. Polisi wanaweza kuzuia ikiwa kuna hatari ya amani kuvunjika, na hapo ndipo penye tundu, maana hatari ya amani huonekana kwa darubini kwenye maandamano ya kulalamika na haionekani hata kwa miwani kwenye maandamano ya kupongeza. Mtu akitaka kumpongeza kiongozi kwa tarumbeta na bodaboda mia mbili kutoka Mwenge hadi Kawe, tutaambiwa tupishe barabara na tupige makofi.

Ushahidi kwamba tatizo haliko kwenye sheria tunao. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa tamko, bila Bunge kutunga sheria na bila mahakama kuamua. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia akaruhusu, kwa tamko pia. Januari 24, 2024 Chadema wakaandamana hapahapa Dar, kundi moja likitokea Mbezi na jingine Buguruni, kwenda ofisi za Umoja wa Mataifa. Siku chache kabla Mkuu wa Mkoa, Albert Chalamila, alikuwa ametangaza kwamba wanajeshi wataingia mitaani siku hizohizo kufanya usafi, tukafagia hata mahali ambapo hapakuwa na taka. Lakini maandamano yalifanyika, polisi waliyasindikiza, watu wakarudi nyumbani kula. Miezi minane baadaye, Septemba 2024, Ali Kibao, mzee wa Chadema, akashushwa kwenye basi Tegeta na mwili wake ukaokotwa Ununio. Chama kikaitisha maandamano tarehe 23 ya mwezi huo, yakapigwa marufuku, Mbowe akakamatiwa Magomeni. Kati ya Januari na Septemba kifungu cha 43 hakikubadilishwa hata nukta.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025.

Kuhusu siku ile kila nyumba ya huku ina habari yake, na nyingi bado hazisemwi kwa sauti. Ilikuwa Jumatano, siku ya kura. Vijana walitoka Kimara, Ubungo, Magomeni, Tandale, Mbagala. Intaneti ikazimwa, jioni tukaambiwa mwisho wa kutembea ni saa kumi na mbili. Watu waliuawa kwa risasi, wengine wakiwa hawana habari na maandamano, na familia zikazunguka vyumba vya maiti vya jiji siku baada ya siku. Vituo vya mwendokasi vilichomwa, na hapo hatuna wa kumtetea: sisi ndio tunaopanda mwendokasi, na waliopanga foleni juani Kimara wiki zilizofuata hawakuwa mawaziri. Aliyechoma ashtakiwe kwa kuchoma. Aletwe shahidi aliyemwona, ionyeshwe picha, ahukumiwe kwa kosa lake.

Hilo silo lililofanyika. Tarehe 7 Novemba zaidi ya watu 200 walipelekwa Kisutu kwa siku moja, wakasomewa uhaini. Uhaini hauna dhamana, na adhabu yake ni kunyongwa. Wazee wetu wanaozijua kesi za uhaini walishika vichwa. Wanaikumbuka ile ya 1970 na 1971, ya Bibi Titi Mohamed na Michael Kamaliza, mawaziri wa zamani walioshtakiwa kwamba walipanga na maofisa wa jeshi kumpindua Mwalimu. Wanaikumbuka ya wanajeshi waliohukumiwa 1985. Mhaini alikuwa mtu mwenye vifaru au mwenye uwezo wa kuvipata. Mwaka 2025 mhaini akawa kijana wa kuuza vifuniko vya simu, na mwingine tukasoma kwamba sehemu ya tuhuma zake ni kuhamasisha watu wanunue barakoa.

Mjue uhaini unagharimu nini nyumba ya Mbagala hata kabla ya hukumu. Kijana wa bodaboda mara nyingi pikipiki si yake, yuko kwenye mkataba: analeta hesabu kila siku mpaka atimize, ndipo chombo kiwe chake. Akikosa wiki mbili, mwenye chombo anakichukua, na miezi kumi aliyokwisha kulipa imepotea. Hana wa kumlaumu, mkataba unasema hivyo. Mama yake anaacha genge anapanda gari la Posta alfajiri, anasimama nje ya mahakama, anaambiwa upelelezi haujakamilika, njoo baada ya wiki mbili. Anarudi. Wiki mbili zikifika anaenda tena, anamwona mwanawe akishushwa kwenye karandinga kwa dakika chache, wanapungiana mkono, anaambiwa upelelezi bado. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Mke, kama yupo, kwao wanaanza kumwita arudi. Haya yote yanatokea wakati sheria bado inasema huyu mtu hana hatia.

Na kwa kosa lenye dhamana, wapeleke wadhamini wawili wenye NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa ni ya nani? Katika uchaguzi wa Novemba 2024 CCM ilichukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa kwa kukipinga chama anahitaji muhuri wa mtu wa chama ili atoke. Wapo wenyeviti waungwana wanaogonga muhuri bila maneno, Mungu awape umri. Wapo pia wanaokwambia njoo Jumatatu, na Jumatatu wako kwenye semina.

Tarehe 14 Novemba Rais alihutubia Bunge jipya Dodoma. Akasema kama mama, kwamba wengi wa vijana wale walifuata mkumbo, akazitaka ofisi zinazohusika zipime na ziwaachie wasiostahili. Ndani ya wiki chache Mkurugenzi wa Mashtaka akaanza kuyafuta mashtaka, makundi kwa makundi, mikoa mbalimbali. Kina mama walicheza nje ya mahakama. Nasi tulifurahi, tena sana, asije mtu akasema hatuna shukrani.

Lakini furaha ikishapoa mtu unabaki na swali. Kama walikuwa wahaini, wameachiwaje kwa hotuba? Na kama hawakuwa, ni nani aliyekaa ofisini na kalamu akaandika kosa la kunyongwa mbele ya jina la mtoto wa watu, na huyo naye atahojiwa lini? Kesi iliyofutwa kwa hotuba ilifunguliwa kwa nini, kama si kwa hotuba nyingine ambayo sisi hatukuisikia?

Tumeyaona haya mara nyingi mno kuyaita bahati. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa ndani takriban miaka minane kwa kesi ya ugaidi, Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakatoka na mvi. Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021, akafunguliwa kesi ya ugaidi. Tarehe 18 Februari 2022 mahakama ikasema ana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, wiki mbili baadaye, mashtaka yakafutwa na siku hiyohiyo akawa Ikulu anakunywa chai. Gaidi asubuhi, mgeni wa heshima jioni. Wakati vijana wa Oktoba wanaachiwa, mwenyekiti wa Chadema Tundu Lissu, aliyekamatwa Mbinga Aprili 2025 na kusomewa uhaini kwa sababu ya maneno yake kuhusu uchaguzi, alibaki ndani. Desemba ilimkuta hukohuko. Mkumbo ulisamehewa, yeye hakusamehewa, na hakuna kipimo cha kisheria tulichoonyeshwa kinachotenganisha uhaini wa hotuba na uhaini wa mawe.

Tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa Dar peke yake. Nairobi mwaka huohuo 2025 vijana wa maandamano walifunguliwa mashtaka ya ugaidi. Marekani, Donald Trump aliporudi madarakani tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliwasamehe karibu watu 1,500 waliohusika na kuvamia Bunge lao kwa ajili yake. Wenye nguvu kila mahali wana watu wao. Tofauti ni kwamba Marekani wengi wa watu wale walishahukumiwa kwanza, ushahidi ukawekwa mezani mmoja mmoja, mtu akajua nani alivunja dirisha gani. Sisi tunaruka kutoka kamatakamata hadi msamaha, na ukweli unabaki humo katikati haujulikani.

Na wa upande wa pili? Hadi mwaka 2025 unaisha hatukusikia askari hata mmoja akisomewa mashtaka Kisutu kwa risasi za Oktoba. Iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ni jambo jema, lakini kwa waandamanaji haikuundwa tume, iliundwa hati ya mashtaka ndani ya siku tisa. Kwa nini sisi tuanze na kizimba na wao waanze na tume?

Tunachoomba ni vitu vya kawaida ambavyo havihitaji Katiba mpya, ingawa hiyo nayo tunaitaka. Mkurugenzi wa Mashtaka anapofuta kesi, aandike sababu na azisome mahakamani, ili tujue kama ushahidi haukuwapo au ulikuwapo ukaachwa. Waliokaa ndani kwa uhaini uliofutwa walipwe siku zao. Barua ya dhamana itolewe na ofisa mtendaji kwa muda uliopangwa, isipitie kwa mtu wa chama chochote. Na kwa kila aliyekufa kwa risasi, mahakama ya uchunguzi wa vifo ikae hadharani, familia iitwe, daktari aseme alichokikuta, kamanda wa eneo aeleze nani alipewa silaha siku hiyo na risasi ngapi zilirudi ghalani. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo vitabuni tangu mwaka 1980.